Kuruta wa Mgongoni

Watu wengi unawajua kwa uso. Huyu mzee mimi nilimjua kwa mgongo, kwa sababu mimi ni fundi wa nguo, na fundi akipima koti husimama nyuma ya mtu. Nimesimama nyuma yake miaka kumi na moja, tepu shingoni, pini mdomoni. Ukiniuliza macho yake yana rangi gani nitababaika, lakini mgongo ule naweza kuuchora nikiwa nimefumba macho.

Hapa mtaani kwetu Kyebando kila mtu anamwita Afande, hata watoto wasiojua maana yake, hata mchungaji wake. Alikuwa sajini, mtu wa kaskazini, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha makuruta gwaride. Jina lake liko kwenye kitambulisho, nimeliona mara moja tu, na sitaliandika hapa maana atanidai maelezo. Alistaafu zamani, lakini mgongo wake haukupewa barua. Uliendelea kusimama wima kama uko uwanjani, na yeye alijivunia huo mgongo kuliko nyumba yake na vyumba vyake vinne vya kupangisha, kimoja changu.

Na mgongo huohuo ndio uliokuwa ukimuuma. Hapa chini, juu kidogo ya mkanda. Ila neno "kuumwa" husemi mbele yake. Yeye alisema ana kuruta. "Kuruta ameamka mapema leo." "Kuruta amegoma." "Kuruta anataka kurudi kwao." Nilipohamia hapa, mgeni kutoka Kongo na mtoto mmoja mgongoni, nilikaa karibu mwaka mzima nikidhani kuna mjukuu mtukutu mle ndani. Siku moja nikamwuliza Hajati, mke wake, mbona huyo kuruta haonekani uani hata siku moja kufua nguo zake. Hajati alicheka mpaka akashika ukuta.

"Fundi, kuruta yuko hapa," akajipiga kiunoni. "Na amri hasikii."

Hajati ni mtu wa Ijumaa, anapanda mlima wa Kibuli kusali na kurudi na stori. Afande ni mtu wa Jumapili. Wameishi hivyo na sijawahi kusikia wakigombana juu ya Mungu. Wanagombana juu ya dawa. Hajati anaamini mafuta ya habasoda. Afande anasema mafuta hayo ni ya kupikia, halafu ukimpita karibu unayasikia kwenye shati lake. Akijipaka dawa ya kuchua, ile ya kopo dogo, inzi wote wanahama ua wetu. Nikimwuliza, Afande, hii harufu inatoka wapi, anaangalia juu ya paa. "Hiyo iko ya jirani."

Dawa za huyo kuruta nimeziona zote. Alianza kwa kulifukuza godoro, akisema godoro inaharibu askari, akalala juu ya mbao. Hajati alilichukua godoro akaenda nalo chumba cha pili, na mpaka leo anasema ile miezi ndiyo aliyolala vizuri kuliko yote tangu aolewe. Halafu Afande akaacha kupanda boda. Eti askari anatembea. Ukweli barabara yetu ina mashimo, na kila shimo lilikuwa linamwamsha kuruta.

Lakini ile ya Katwe nitaisimulia mpaka meno yaishe. Katwe ndiko wanakogeuza mapipa kuwa masigiri, yale majiko ya makaa, na masanduku, na chochote utakachochora chini kwa chaki. Afande alikwenda huko, akapiga magoti kwa taabu, akachora mgongo wake. Alichora mstari mmoja ulionyooka. Yule mchomelea vyuma akamwuliza, "Mzee, ni mlango?" Akarudi na kitu cha bati nene, kina mikanda ya mpira wa gurudumu na bawaba ubavuni, cha kuvaliwa ndani ya nguo ili kuruta asipate nafasi ya kupinda.

Akaja kwangu amelivaa ndani ya kaunda suti yake. "Fundi, ongeza hapa. Mimi nimenenepa kidogo."

Nikapitisha mkono nyuma kulainisha kitambaa. Koti likalia, ng'oo, kama sufuria.

"Afande," nikasema, "umekula nini?"

"Ongeza nguo, fundi. Hapana uliza."

Jumapili ile hakuweza kukaa, maana bati halikunjiki. Akasimama ibada nzima. Mchungaji akamsifu mbele ya watu wote: tazameni mzee anavyosimama mbele za Bwana, na nyinyi vijana mmejilaza kwenye mabenchi. Ukafika wakati wa kupiga magoti, kanisa lote likashuka, Afande akabaki wima peke yake, anaangalia dari, jasho linamtiririka. Alilivaa Jumapili tatu. Sasa hivi liko kwenye banda la kuku la Hajati, na kweli limekuwa mlango.

Mkisikia hivi mtadhani namcheka tu. Namcheka, ndiyo, lakini na mimi nina langu la kukiri. Mwaka wa pili wa kumpima niliona bega la kushoto limeshuka, vidole viwili. Mwaka wa tatu, uti wenyewe ukaanza kuinama. Koti la kukatwa sawa lingemwonyesha kila mtu. Basi nikamwekea sponji bega la kushoto, nikarefusha kitambaa cha nyuma ili koti lisipande. Sikumwambia. Kila mwaka nikaongeza sponji kidogo na kitambaa kidogo. Yeye anasimama mbele ya kioo changu, anajipindua kulia na kushoto, anaridhika kabisa.

"Unaona, fundi? Watu inadanganya. Nguo haidanganyi."

"Kweli, Afande," nikajibu, na pini mdomoni.

Kiswahili chake mmeshakisikia. Ni cha kambini, kilichokatwakatwa kwa panga. Changu ni cha Kivu, na yeye anasema ni Kiswahili ya kubembeleza, kama naongea na mtoto anayekataa uji. Majirani zetu Waganda hawakipendi hata kimoja. Wengi wao Kiswahili walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, mtu na bunduki yake anasema toa, fungua, shuka. Banange, yaani jamani, wanasema, ile lugha haina salamu. Mimi huwa nabisha kwa nguvu, lakini hata mimi najua wanachosema.

Kwa sababu ile wiki yangu ya kwanza hapa, Afande alikuwa amemwaga simenti mpya kwenye veranda. Mimi sikujua. Nikatoka na mtoto mgongoni na beseni mkononi, nikaweka mguu. Na yeye, kutoka upande wa pili wa ua, kwa ile sauti iliyokuwa ikisikika mpaka mwisho wa uwanja wa gwaride, akapiga kelele: "Wewe! Simama hapo!"

Yeye alisema simama. Mwili wangu ulisikia lala. Huko kwetu, siku tuliyokimbia, wanaume walitupigia kelele kwa Kiswahili hichohicho, "Lala chini!", na waliochelewa kulala sitawasimulia. Basi nikaanguka kifudifudi kwenye simenti mbichi, mtoto juu yangu, mikono mbele. Sikuinuka. Sikuweza.

Nikasikia viatu vinakuja, halafu vikasimama. Halafu yule mtu mwenye kuruta mgongoni akachuchumaa, na leo ndiyo najua ilimgharimu nini kuchuchumaa. Akaongea chini kabisa, karibu na sikio langu. "Mama. Hii iko simenti tu. Hakuna mtu hapa. Simama polepole."

Tangu siku ile sikumsikia tena akipaza sauti. Nilidhani ndivyo alivyo, mzee mpole. Miaka ilipita ndipo Hajati akaniambia kwamba zamani Afande alikuwa anawafundisha watoto wa mtaa gwaride kila Jumamosi hapahapa uani, kwa kelele za kuamsha wafu, na kwamba siku ya pili baada ya ile simenti aliwahamishia uwanja wa kanisa, mwendo wa nusu saa, pamoja na mgongo wake. Hata mbwa akawa anamfukuza kwa kunong'ona, na mbwa mwenyewe hakuelewa. Fundi wa simenti alipokuja kusawazisha alama za viganja vyangu, Afande alimzuia. "Acha hiyo." Ziko mpaka leo, mbele ya mlango wangu, kiganja cha kulia kimezama zaidi.

Nimeyasema hayo ili mjue kwa nini mambo ya vidonge yaliniuma hivyo.

Binti wa duka la dawa alimpa vidonge vya maumivu, akamwambia: kimoja kila saa nane, baada ya kula. Sasa wewe na mimi tunaelewa kwamba ukimeza, unahesabu saa nane, unameza tena. Afande alielewa alivyozoea kuelewa ratiba. Kila saa nane maana yake kila siku, saa nane kamili mchana. Redio ikitoa mlio wa saa nane, kidonge kimoja kinaingia. Na chakula chake cha mchana ni saa sita, kwa hiyo tumbo limeshasahau kama lilikula. Kufika jioni dawa imekwisha kazi, kuruta ameamka, mzee anauma meno.

Mtu mwingine angerudi kuuliza. Afande aliongeza jeshi. "Askari moja hawezi linda kambi mzima," aliniambia, akameza vitatu kwa mpigo mbele yangu, maji glasi moja. Halafu akanunua vya duka jingine, vya rangi nyingine, bila kujua ni ndugu wa vile vya kwanza. Nami niliyekuwa nimekaa pale kwenye cherehani nilifanya nini? Nilicheka. Nilimwambia, Afande, ukiendelea utavipa vidonge vyeo. Najuta mpaka kesho.

Jumanne moja alitapika uani kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Hajati hakupiga kelele, alilishika bega langu tu, na kucha zake zikaingia. Tukampeleka hospitali kwenye gari la jirani. Vile vidonge vilikuwa vimemtoboa vidonda tumboni. Alilazwa siku tisa, na daktari alituambia wazi, bila kuzunguka: mzee akivigusa tena vidonge vya aina ile, vitamwua kabla ya mgongo. Mgongo hautapona ukawa mpya, alisema, lakini mtu anaweza kuishi nao vizuri. Dawa nyepesi kwa kipimo alichomwandikia, chupa ya maji moto, kutembea, na mazoezi ya sakafuni asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Mazoezi ndiyo dawa yenyewe, akasema, hayo mengine ni wasindikizaji.

Musawo wa mazoezi, yaani tabibu wa viungo, alikuwa binti mdogo wa Kiganda, amelelewa vizuri mpaka anaudhi. Hajati ana magoti mabovu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza mzee. Binti akapiga magoti kumwamkia, kama desturi yao kwa mtu mzima. Halafu akainuka, akamwonyesha mkeka. Aliambiwa mzee hasikii Luganda vizuri, basi akajitahidi kwa Kiswahili.

"Mzee, tafadhali lala chini. Inua goti, shikiria kidogo. Halafu ludia mala kumi."

Afande hakutikisika. "Mala ni nini?"

"Anasema mara," nikamnong'oneza.

"Basi aseme mara." Akanigeukia mimi, kwa ile sauti yake ya chini. "Na huyu, anapiga magoti mbele yangu, halafu ananiambia mimi lala. Nani anaamuru nani hapa?"

"Anakuomba, Afande."

"Ndiyo. Amri yenye tafadhali si amri, iko ombi. Na ombi mimi naweza kataa."

Akakataa. Nyumbani akasema anafanya chumbani, mlango umefungwa. Wiki nne akasema hivyo. Uso ukawa wa majivu, akaanza tena kutembea huku ameshika ukuta, na nikimwuliza vipi mazoezi ananijibu, "Sawasawa." Mimi nikaenda zangu kushona. Nilikuwa na koti lake jipya la Pasaka mezani na sponji tayari nimeshaikata.

Ndipo Hajati akaja kwangu asubuhi moja, ameshika kiatu. Ni kiatu cha gwaride ambacho Afande hukipiga rangi kila wiki ingawa hakivai. Akakipindua juu ya meza yangu ya kukatia, vikamwagika vidonge, vya rangi zote mbili, vilevile daktari alivyokataza.

Nikaanza kuviokota. Hajati akanizuia mkono.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Na wewe unamsaidia kuficha. Unadhani sioni sponji?"

Jamani, niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikamwambia tutamwomba pamoja, tutamwita na mchungaji.

"Kuomba, kuomba! Ameombwa na kila mtu. Mtu yule maisha yake yote aliinuka kwa amri na kulala kwa amri. Mpe amri, fundi."

"Mbona si wewe?"

"Mimi ni mke wake. Amri zangu ameshazizoea." Akavikusanya vidonge kwenye kanga, akaenda kuvitupa chooni, na nikasikia akivuta pua njia nzima. Hapo nikajua Hajati anaogopa kweli.

Hiyo ilikuwa mwezi uliopita. Nikatandika mkeka kwenye veranda, kando ya cherehani yangu, juu ya ile simenti. Nikamwita aje kujaribu koti. Akaja, ameshika ukuta, akauachia ukuta aliponiona. Akavaa. Akajitazama kiooni, akaridhika, akafungua mdomo kusema lile neno lake la nguo. Nikamwahi. Nikachukua mkasi, nikafumua mshono wa bega la kushoto akiwa amelivaa, nikavuta sponji yote, nikamwekea mkononi. Koti likashuka upande mmoja. Nyuma likakunjamana.

Aliitazama sponji, akaiminya, ikarudi. "Toka mwaka gani?"

"Toka mwaka wa pili, Afande. Nisamehe."

"Mimi nilidhani mabega iko sawa," akasema. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Lala chini, Afande," nikamwambia. "Tuanze mazoezi."

"Hiyo iko ombi."

"Lala chini."

"Sisikii."

Nikafungua mdomo mara ya tatu, nikaufunga. Naye akaona. Akaweka sponji mfukoni, akaongea chinichini kama siku ile ya simenti. "Fundi, wacha. Mimi najua hii neno kwako iko namna gani. Si lazima. Mimi nitakufa na kuruta yangu, hapana shida."

Hapana shida! Mtu ambaye kwa miaka kumi na moja alimeza sauti yake kwa ajili yangu, sasa alikuwa tayari kumeza na uhai wake, na ananiambia hapana shida. Hasira ilinipanda kutoka kwenye nyayo.

"LALA CHINI!"

Kuku walinyamaza. Dirisha la jirani likafunguka, kisha likafungwa haraka. Miguu yangu ikalegea, mwili wote ukataka kutii wenyewe, kifudifudi, mikono mbele. Nikashika ukingo wa cherehani nikabaki nimesimama.

Afande alibana visigino. Akashuka, goti moja, goti la pili, mkono, kiwiko, akijikunja na kuguna, mpaka akalala chali kwenye mkeka na koti lake bovu, sikio lake karibu na alama ya kiganja changu.

"Ndiyo, Afande," akasema.

"Inua goti! Shikilia! Rudia mala kumi!" Ulimi ulikuwa unatetemeka, nikasema mala, kama yule binti. Alifungua jicho moja akanitazama. Hakunisahihisha.

"Moja," akahesabu. "Mbili. Tatu. Nne. Sita."

"Tano iko wapi?" nikapaza sauti, na safari hii miguu haikulegea.